Kinu cha Kuwaita Watoto

Baraka, nyumbani kwa shangazi wa mume wangu

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwanza wewe, kisha goti lako la kushoto, ambalo nimeambiwa linakusumbua tangu mvua zilipoanza. Unaweza tena kupiga magoti kanisani, au bado unakaa kwenye benchi la wazee na kujifanya umelichagua mwenyewe? Paa la jikoni limezibwa? Najua ni mdogo wangu Mado anayekusomea maneno haya, kwa sababu miwani uliyo nayo ni ya marehemu Baba na haijawahi kukufaa. Mado, soma polepole. Ukifika mahali unapotaka kuruka ili usimwumize Mama, usiruke.

Sisi tu wazima: mimi, mume wangu Wilondja, na mjukuu wako Etabo, ambaye sasa anatembea kwa kushika ukuta na ana meno ya kutosha kuniadhibu anaponyonya.

Ujumbe wako wa sauti ulinifikia nilipopanda kilima kutafuta mtandao. Ulisema: “Feza, we ni muntu muzima, ubaki na bwana yako na masomo yako. Lakini ule mutoto, umulete hapa.” Sikukujibu, na ninaomba radhi. Badala ya jibu nimeshuka na Etabo kutoka Lubondja mpaka hapa Baraka. Leo mchana boti inaondoka kwenda Kalemie. Anasafiri nayo mama mmoja mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mtu wa kanisa letu, ambaye hufika na mizigo yake mpaka Lubumbashi, na amekubali kumbeba mtoto pamoja na barua hii. Etabo amelala kando yangu mkekani. Nguo zake zimefungwa. Mimi bado sijaamua, nami nakuandikia ili nione kama nikiyapanga mambo kwa utaratibu yatanionyesha njia. Ndivyo walivyotufundisha chuo kikuu. Sina hakika tena kwamba walitufundisha vyema.

Uliuliza tunamleaje mtoto mahali kama hapa. Nianzie hapo, maana yote yaliyotupata yanatokana na hilo.

Kwa kutazama tu ungesema ni maisha ya kawaida. Alfajiri nakoroga uji, Wilondja anamwosha Etabo kwenye beseni, kwa kuwa yeye ana mikono ya upole kuliko mimi. Huyu ni mwanamume ambaye huuma kucha za mtoto kwa meno yake mwenyewe kwa kuogopa wembe. Lakini mtoto huku hulala amevaa. Kikwembe cha kumbebea hakitundikwi mbali, huwekwa chini ya kichwa changu. Kando ya mlango kuna furushi lenye kikombe, unga wa uji, chumvi na kipande cha sabuni, na kila jioni naligusa kabla ya kulala kama vile wewe unavyogusa komeo la mlango.

Mashambani hatuendi na watoto. Zamani akina mama walikwenda nao mgongoni, lakini kilio cha mtoto kinasikika mbali, na watu wenye silaha hupita katika njia hizo hizo za mashamba. Kwa hiyo sisi mama wachache wa upande wa chini wa kijiji tuna zamu. Mmoja hubaki na watoto wote, huwanyonyesha wote, na wengine huenda kulima. Mimi huenda siku ambazo sina vipindi katika shule tunayofundisha mimi na Wilondja. Kuna sharti moja, nalo alilitoa Mama Riziki, jirani yetu mwenye mapacha, siku ambayo msichana mmoja asiye na mtoto alijitolea kutusaidia. Alimwambia kwa upole: “Apana, mutoto yangu. Mwenye anachunga batoto ya bengine, wake akuwe ndani.”

Katika zamu hiyo tuko mimi, Mama Riziki, Mama Sifa ambaye mume wake yuko Lulimba akichimba dhahabu, na Mama Divine. Mama Divine ni mkimbizi kutoka Burundi. Yeye na mume wake Melikiori walitoka kambini wakakodi shamba Lubondja, na Melikiori hulima kwa mistari iliyonyooka mpaka watu husimama kuitazama. Walipotaka kuingia katika zamu, wengine walinong’ona. Mama Riziki alimaliza maneno kwa swali moja: “Maziwa ya Burundi iko na rangi gani? Muniambie, ili nikiiona niikatale.” Wakacheka, na ikawa imekwisha. Mama Divine alimnyonyesha Etabo mara nyingi. Akinirudishia alikuwa akisema: “Huyu bwana yako mudogo iko na meno ya panya. Umuambie hapa si duka ya biskuti.”

Lipo jambo jingine la kukueleza, Mama, ambalo bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Kabla sijaolewa huku, watu wenye silaha waliwahi kuingia kijijini, watu wakakimbilia porini, na baadaye wakasikia sauti ikiita kwa Kibembe kwamba warudi, hatari imepita. Ilikuwa sauti ya jirani yao. Walirudi. Jirani huyo alikuwa amewekewa bunduki shingoni. Mdogo wake Mama Riziki alirudi akiwa na mtoto mgongoni, na risasi moja ikawapitia wote wawili.

Kwa sababu hiyo tulikubaliana kwamba aliye zamu, akikimbia na watoto, haitikii sauti ya mtu yeyote, awe mume, awe ndugu. Akiitwa, asogee mbali zaidi. Atarudi akisikia kinu tu: wanawake wawili wakitwanga kwa kupokezana katika kinu kimoja, na mara kwa mara mmoja akigonga ukingo. Niliuliza itakuwaje wanawake wenyewe wakilazimishwa kutwanga. Mama Riziki alinijibu: “Bamama babili benye kuchungwa na bunduki hawatapatana. Mikono itatetemeka, utasikia.” Nikauliza kuhusu wanaume. “Mwanaume? Hata umuwekee bunduki ku kichwa, atatwanga sawa muntu anaua nyoka.”

Mimi mwenyewe, niliyekulia mjini na unga wa dukani, sikuwa hodari. Pigo langu lilikuwa likichelewa kidogo baada ya la mwenzangu. Mama Divine alipenda kunitania: “Mama Etabo, we unatwanga, ao unasikiliza kwanza?”

Waume zetu hatukuwaambia. Tulisema kwamba asiyejua hawezi kulazimishwa kusema, na hoja hiyo ilinipendeza sana. Nadhani pia lilikuwa jambo la jikoni tu, na mambo ya jikoni hawakuwa wakiyauliza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Zamu ilikuwa ya Mama Divine. Nilimpelekea Etabo akiwa na uji shavuni. Mama Sifa alifika baada yangu, akamshusha Sifa wake, akaenda mpaka mlangoni, akarudi kumfunga upya kitambaa cha kichwa, akaenda tena, akarudi tena. “Kwenda basi,” Mama Divine alimwambia. “Mutoto hataota mabawa.” Tuliondoka tukicheka.

Tulikuwa tunang’oa karanga, mimi na Mama Sifa bega kwa bega, Mama Riziki mbele kidogo karibu na matete. Risasi za kwanza zilitoka upande wa kijiji, si upande wa barabara tuliozoea kuuogopa. Mama Sifa aliacha jembe akakimbia kuelekea kijijini. Nilimshika nguo, kipande cha kitambaa kikabaki mkononi mwangu. Hakufika mwisho wa shamba. Watu wawili walikuwa wakipanda njia ya kutoka kijijini, na mmoja wao aliinua bunduki bila hata kusimama, kama mtu anayefukuza kuku. Mama Sifa alianguka kifudifudi. Yule wa pili alipomfikia alimkata shingo kwa panga, akarudia, ingawa alikuwa hatikisiki tena. Kisha akafuta panga kwenye majani ya karanga zetu.

Nililala kati ya matuta, uso kwenye udongo. Hapo ndipo maziwa yalipoanza kutoka, Mama. Ulikuwa wakati wa Etabo kunyonya, na mwili wangu haukujua kitu kingine. Yalilowesha blauzi yakaingia ardhini, nami nikawa na wazo la kijinga kwamba harufu yake itawaleta.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini yeye alikimbia kumfuata mtoto na mimi nikalala. Naweza kusema kwamba niliiamini kanuni yetu na kumwamini Mama Divine. Naweza pia kusema kwamba niliogopa. Zote mbili zinaelekea kuwa kweli, na hakuna inayonisaidia.

Mama Riziki alinivuta hadi kwenye matete, na kutoka hapo tukaingia porini. Hatukuweza kurudi siku ile. Kesho yake, jua likiwa juu, tulirudi kijijini kwa kuzunguka. Matiti yangu yalikuwa magumu kama mawe, na nilikuwa nikisimama kila mara kuyakamua kwenye nyasi nikilia kwa maumivu. Nyumba nyingi zilikuwa zimeteketea. Katekista wetu alilala mlangoni mwa kanisa, na kichwa chake kilitazama upande ambao kichwa hakiwezi kutazama. Nyumba ya Mama Divine ilikuwa majivu. Mama Riziki alichukua kijiti akayachokora majivu yale pembe kwa pembe, bila haraka, kama anayetafuta sindano. Nilisimama nje. Sikuweza kuingia.

“Hakuna mifupa,” alisema hatimaye. “Basi alitoka.”

Tukasikia kelele uani mwa kanisa.

Baba za watoto walikuwa pale, na watu wengine wengi. Melikiori alikuwa amefungwa kamba kifuani kwenye nguzo ya kengele. Jicho moja lilikuwa limefungika, meno ya mbele hayapo, damu imeganda mpaka tumboni. Kijana mmoja alikuwa ameukandamiza mkono wake wa kuume kwa goti juu ya jiwe. Aliyesimama mbele yake alikuwa Wilondja. Alikuwa na mtwangio, ule mchi wa kinu, mikononi.

“Bibi yako anapeleka batoto yetu wapi?”

“Sijue, Mwalimu. Na wangu iko ndani.”

Mtwangio ulishuka kwenye vidole. Nilisikia sauti ya mifupa kabla ya sauti ya mtu. Wilondja aliuinua tena, akauliza swali lile lile kwa sauti ile ile anayotumia darasani, na jibu lilikuwa lile lile, na mtwangio ukashuka tena.

Sitakudanganya kwamba nilipiga kelele. Mama Riziki ndiye aliyepita katikati ya watu na kusimama juu ya lile jiwe.

“Munafanya nini hapa?”

Mume wake mwenyewe ndiye aliyemjibu. “Huyu na bibi yake balituuza. Tangu asubui tuko tunamusikia mule mu korongo. Tunamuita jina, anasogea. Tunaita batoto, mapacha yetu anaitika, yeye anabafunga kinywa. Tunafika pale, tunakuta majani bado inatikisika, yeye alishaenda. Muntu wa namna gani anakimbia baba ya batoto?”

“Muntu mwenye akili. Muliita na sauti?”

“Tuite na nini?”

“Na kinu.”

Wakatazamana. Mmoja wao akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajalala. Mama Riziki akawaeleza, kwa maneno machache, mambo niliyokueleza hapo juu. Kila mara walipoita kwa upendo, walimfukuza mbele pamoja na watoto. Na kila alipoogopa na kukimbia, walipata ushahidi mpya wa kumpondea mume wake kidole kingine.

Wilondja alikuwa akiutazama mtwangio.

“Nipe,” nilimwambia.

Vidole vyake havikuachia. Ilibidi nivifungue kimoja kimoja, vile vile anavyofanya yeye Etabo anaposhika kitu kibaya.

Mzee mmoja akasema: “Wale bangali ku mulima. Moshi yao iko inaonekana. Mukitwanga, na beye batasikia.”

“Basi mulale chini,” Mama Riziki alimjibu. “Si ni mazoea yenu?”

Kinu tulikipata nyuma ya nyumba ya katekista, na mtwangio wa pili karibu nacho. Kinu kitupu kina mlio mwingine, kwa hiyo tulitia mihogo mikavu ndani. Mtwangio wangu ulikuwa na damu na nywele kidogo. Hapakuwa na wakati wa kuuosha, na unga ukageuka rangi. Tulianza. Pigo lake, pigo langu. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, nami nilikumbuka maneno yake kuhusu wanawake wanaolazimishwa, nikazidi kutetemeka. Nilichelewa kama kawaida yangu. Niligonga ukingo nilipotakiwa kugonga.

Mlio ule ulikwenda mbali kuliko nilivyofikiri. Ulirudi kutoka mlimani. Kisha kutoka mlimani zikaja risasi, mbili, halafu mfululizo. Moja ilitoboa bati la kanisa. Wanaume walilala chini wote, isipokuwa Melikiori, aliyefungwa wima kwenye nguzo na hakuweza kulala. Nilimwona Wilondja akiinuka, akaenda akasimama kati yake na mlima, mgongo wake ukiwa upande wa risasi. Sijui kama alijua anachofanya. Hakumtazama usoni. Kijana aliyekuwa ameukandamiza mkono alipigwa risasi pajani akiwa amelala, akaanza kuita mama yake.

Hatukuacha kutwanga. Nakuambia hili bila kujisifu, Mama. Nadhani kama tungeacha mara moja, tusingeweza kuanza tena.

Risasi zilikoma. Tukaendelea. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba tulikuwa tunatwanga kwa ajili ya korongo tupu, wakati Mama Divine alipotokea kwenye matete. Mgongoni alikuwa na Etabo. Kifuani alikuwa na Sifa. Kikwembe chake cha pili alikuwa amekichana kuwa kamba ndefu, na kwenye kamba hiyo alikuwa amewafunga viunoni Divine wake na mapacha wa Mama Riziki, mmoja nyuma ya mwingine. Wote walikuwa na udongo mpaka kwenye kope. Miguu yake ilikuwa imechanika, na matiti yake yalikuwa yamenyonywa mpaka chuchu zinatoa damu.

Alitusogelea akitabasamu kidogo. “Nilisikia kinu, nikawaza labda ni bengine,” alisema. “Kisha nikasikia ule mwenye anachelewa. Nikasema, huyo ni Mama Etabo. Hakuna muntu anaweza kumuiga.”

Alimfungua Etabo akanipa. Etabo hakutaka kunijia. Alimshika blauzi akalia, nami nilimbandua kwa nguvu. Aliwafungua mapacha, akamkabidhi Mama Riziki. Sifa alibaki kwenye mkono wake. Alitazama huku na huku akimtafuta wa kumpa. Hakuna aliyenyoosha mikono, na kutokana na hilo akaelewa.

Halafu akaiona nguzo.

Alimtazama mume wake, akautazama mtwangio mkononi mwangu. Nilikuwa bado nimeushika.

“Nani?”

Wilondja alisogea hatua moja mbele.

“Ni mimi, Mama Divine,” Wilondja alisema.

Hakupiga kelele. Alikwenda na Sifa kwenye nyonga, Divine akimfuata na kamba yake, akaanza kufungua mafundo kwa mkono mmoja. Mafundo yalikuwa yamekaza. Tulipomsogelea kumsaidia alisema neno moja kwa Kirundi, ambalo sikulielewa, lakini wote tulirudi nyuma.

Melikiori yu hai. Jicho limepona kiasi. Ule mkono haufungiki tena na hautashika jembe. Mama Sifa tulimzika shambani, pale pale, kwa sababu njia haikuwa salama. Mume wake hajaja kutoka Lulimba. Labda habari hazijamfikia, labda zimemfikia. Sifa yuko kwa Mama Divine, ananyonya pamoja na Divine.

Wilondja hulima shamba la Melikiori kila asubuhi kabla ya shule. Hakuna aliyempa amri hiyo. Melikiori hukaa kwenye jiwe, mkono umefungwa kitambaa, na kumtazama. Kwa muda mrefu hawakusemezana. Juzi tu Melikiori alimwambia: “Mwalimu, mistari yako inapinda.” Wilondja aling’oa miche yote akapanda upya. Aliponisimulia alilia, na mimi sikujua kama nimshike au nimwache, basi nilimwacha, kisha nikamshika. Ndiye yeye huyo aumaye kucha za mtoto. Nimejaribu kusema kwamba ni watu wawili tofauti, na sijaweza.

Yeye anataka Etabo aje kwako. Alisema: “Kama mutoto hangekuwa pale, singeshika ule mutwangio.” Maneno hayo yalinikaa. Yanaonekana kuwa na mantiki. Lakini nikiyafuata mpaka mwisho, yanasema kwamba mtu huwa mwema pale tu ambapo hana cha kupoteza, na sitaki kumlea Etabo mbali ili baba yake apate kuwa mwema.

Zamu ilikuwa imekufa. Kila mama alibaki na wake, na mashamba yakaanza kumezwa na magugu, na sufuria zikawa nyepesi. Kisha wiki hii Mama Divine alikuja mlangoni kwangu, Sifa mgongoni. Hakuwa ameingia nyumbani kwangu tangu siku ile. Hakuketi.

“Nyuma ya yangu, zamu yenye kufuata ilikuwa ya nani?” aliuliza.

“Yangu.”

“Basi Jumamosi nitaleta Divine na Sifa. Niko na kazi ku shamba.”

Aliliona furushi la nguo za Etabo kando ya mlango, jipya, kubwa kuliko lile la siku zote. Hakuuliza.

Mama Riziki aliuliza, yeye hana haya. “Unamupeleka ku mama yako?”

“Sijajua.”

“Ni vizuri. Na mi kama ningekuwa na mama Lubumbashi, ningeshapeleka.” Alisema bila chuki yoyote, akinisaidia kufunga mzigo. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenilaumu.

Jumamosi ni kesho, Mama.

Nimeyapanga mambo kama nilivyokuahidi, na sioni kwamba yamenionyesha njia. Huko kwako atalala amevua nguo, na Mado atamchekesha, na hakuna mlima wa kuogopa. Hayo yote ni kweli, na usidhani nayachukulia kuwa madogo. Kama kitu kitampata huku, nitaisoma barua hii kichwani maisha yangu yote. Lakini kesho asubuhi mwanamke ambaye mume wangu alimponda mume wake atakuja kuniachia mtoto wake na mtoto wa marehemu, na jambo la kwanza atakalotazama ni kama wangu yumo ndani. Nikimpokelea Divine mikononi huku Etabo wangu yuko salama Lubumbashi, sijui nitakuwa nimemwambia nini, lakini najua atakuwa amesikia. Huenda ninakosea. Huenda ni kiburi, au ni deni ambalo halimhusu mtoto. Nimeligeuza kila upande, na kila mara narudi kumwona akiwa amesimama mlangoni kwangu, Sifa mgongoni, akingoja mtu wa kumpokea.

Mama mchuuzi amekuja sasa hivi. Amesimama hapa na kapu lake kichwani. Ameniuliza: “Basi, tunaenda?” Nimemwambia asubiri nimalize kuandika. Amemtazama Etabo, akaitazama karatasi, akasema: “Haya. Naona nitakuwa na muzigo mwepesi.” Ametambua kabla yangu.

Kwa hiyo mtakapokwenda kumpokea mama huyu, atashuka na barua hii peke yake. Tafadhali msimlaumu, alikuwa tayari. Zile nguo ulizomshonea Etabo zinamkaa vizuri. Ile ya njano nimeitenga kwa ajili ya Sifa, na ninatumaini hutakasirika. Ukiwa na kitambaa kilichobaki, shona nyingine mbili, za watoto wa kimo hicho hicho.

Nisalimie Baba mdogo, fundi wa viatu, na umwambie viatu vyake vimevumilia kuliko watu. Nisalimie Bibi mzaa Baba, ambaye hatakumbuka mimi ni nani lakini atafurahi. Nisalimie mama mkwe wa Mado, na yule jirani yetu muuza makaa aliyenibeba mgongoni siku ulipokuwa hospitalini kumzaa Mado. Wewe mwenyewe, lipumzishe goti, na ukiniombea, niombee kwa majina yote niliyoyaandika humu, hata la Wilondja, hata kama utahitaji muda.

Mwenye pikipiki ananingoja nje. Nataka kufika Lubondja kabla ya giza, maana nina mihogo ya kuloweka na sehemu ya kulaza watoto watatu ya kutandika. Etabo ameamka. Ninamfunga mgongoni.

Mwanao,
Feza, ambaye huku ni Mama Etabo